Siku moja karakanani, Chake Chake

Jirani yangu anasema nalipwa kuchezea vigari na watoto. Haya, nakwambieni siku yenyewe inavyokwenda.

Saa moja asubuhi nafungua karakana ya skuli, nahesabu bisibisi. Saa mbili wanaingia kidato cha tatu. Kazi yao ni kuifufua roboti kuukuu ya kufuata mstari mweusi sakafuni: mota mbili, gia za plastiki, na bodi ya Arduino, ubongo mdogo unaoziamuru mota. Walishaifungua yote. Mpaka saa nne wanasugua, wanalehemu, wanafunga.

Saa nne na robo tunaiwasha. Taa ya bodi inawaka, mota zinashtuka, taa inazimika. Inawaka tena, mota zinashtuka, inazimika. "Mwalimu, programu ina makosa!" Wote mbio kwenye kompyuta. Daima kompyuta ndiyo mshitakiwa wa kwanza! Programu inaandikwa upya, hali ile ile. Betri mbili za lithiamu zinapimwa: volti 7.4, sawasawa. Basi bodi imekufa, wanaamua. Na umeme nao unakatika, feni inasimama, jasho linatutiririka, na mgeni mmoja anachungulia dirishani kuuliza kama hiyo roboti inaongea. Haiongei.

Jawabu nishalihisi. Kulinyamazia ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii.

Hatimaye yule mwenye mita ya kupimia volti anasema, "Tupime huku mota zinazunguka." Wanainua magurudumu juu. Kwenye bodi volti zinaporomoka. Kwenye betri zenyewe zimetulia. Umeme unapotelea njiani! Anachomoa betri, na springi ya kikasha imeota kutu ya kijani. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na shaba. Mota zikitulia, umeme unaopita ni kidogo na athari ya kutu haionekani. Zikianza kuvuta, kutu inaubana, bodi inakosa volti na kuanza upya.

Msasa, ndimu ya mama muuza mihogo, kisha kufuta kwa spiriti. Saa sizijui tena. Walioenda kusali adhuhuri wamesharudi, umeme bado. Roboti inafuata mstari, inakosa kona ya pili, inagonga mguu wa meza. Ukelele wake, ungedhani tumefunga goli. Mimi nimekaa juu ya ndoo, miguu hainiinui.

Kona ile ni ya Jumatatu. Sensa ya kushoto, kijicho cha kuuona mstari, imefungwa juu mno, na sitawaambia.