Kikohozi cha mtoto na vumbi letu la Dodoma
Mama wenzangu wa Dodoma, mwenye mtoto anayekohoa usiku kucha anisome. Wangu ana miezi tisa. Mafua yanapona, kikohozi kinabaki, na upepo huu wa Agosti ukianza kupeperusha vumbi huku Nzuguni, kifua kinalia kama filimbi kila anapotoa pumzi.

Mtaani wote walishasema ni pumu. Daktari hakukimbilia huko. Alinieleza kwamba kwa watoto wa umri huu njia za hewa ni nyembamba mno, virusi vya mafua tu vinatosha kuzibana, na wengi huacha wakikua. Kwa hiyo anashukiwa tu, tunafuatilia. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Tumepewa pampu ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, na kopo lake lenye barakoa ndogo. Nampakata, barakoa inafunika pua na mdomo bila kuacha upenyo, nabonyeza mara moja, nasubiri avute pumzi kadhaa. Akilia nambembeleza kwanza, maana akitulia ndipo dawa inafika vizuri.

Jiko la mkaa limehamia nje. Ndani tunapiga deki, ufagio mkavu hapana. Bibi yake alitaka kumlambisha asali, nikamwomba kwa heshima tuache, kwa mtoto chini ya mwaka mmoja ni hatari.

Na jamani, mtoto wa umri huu akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, usisubiri kukuche. Mbebe, nenda hospitali usiku huo huo.