Ukuta wa kitandani kwa mama

Juni 2016 tulianza kukarabati nyumba ya mama, Majengo, Moshi. Jiko la zamani lilikuwa finyu, watu wawili hawapishani, kwa hiyo tukaamua kuliunganisha na stoo. Sinki lilipangiwa ukuta wa mwisho wa stoo, na ukuta huohuo ndio uliobeba mita ya umeme na mein swichi tangu nikiwa mdogo. Upande wa pili wa ukuta ni chumba cha mama. Kichwa cha kitanda chake kilikuwa kimeegemea hapo.

Fundi umeme alikuja na testa na daftari. Hakugusa kitu, alikaa kwanza.

"Mama, humu ndani mnatumia vitu gani?"

Mama akamtajia friji, pasi na birika. Mimi nikaongeza tulivyopanga kununua: hita ya kuogea ya kilowati 3, jiko lenye oveni la kilowati 3, na pampu ya tangi. Akajumlisha, akagawanya kwa volti 230, ampea zikapita 40. Akasema waya unaotoka kwenye mita kuja ndani ni wa milimita 4 za mraba, na umri wake umekwenda.

"Huu hauwabebi, kaka. Tuweke wa 16, na mein itoke humu iende barazani. Ila mita msiiguse, ina lakiri, hiyo ni kazi ya TANESCO."

Basi tukapeleka maombi, mkandarasi mwenye leseni akasaini fomu zake, tukasubiri. Sina mengi ya kusema kuhusu kusubiri, kwani kazi ya vigae iliendelea.

Siku laini ilipokatwa kwenye nguzo, fundi alifungua ile mein swichi. Alichomoa kishikio cha fyuzi, kile cha kauri nyeupe, akanyamaza. Kisha akaniita. Mahali pa waya mwembamba wa fyuzi palikuwa na nyuzi tatu za shaba zilizosokotwa pamoja, nene kama kijiti cha kiberiti, zimeshaanza kuwa za kijani. Alipovuta waya wa nyuma, plastiki yake ilimeguka vipande vipande kama ukoko mkavu. Ubao ulioshikilia swichi ulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja changu. Niligusa, masizi yakabaki kwenye vidole.

Nilizijua zile nyuzi. Desemba 1994, ndugu wote tulikuwa tumerudi nyumbani kwa Krismasi kama kawaida ya Wachaga, nyumba imejaa, redio inaimba, na fyuzi ikawa inakata kila baada ya nusu saa. Baba akamwita kijana mmoja wa jirani aliyekuwa akijifunza ufundi. Mimi ndiye niliyeshika tochi. Alichuna kipande cha waya, akasokota zile nyuzi, akazikaza, akarudisha kishikio. Taa zikawaka na hazikukata tena. Tulipiga makofi, baba akamshika mkono akamshukuru. Hakuna aliyejua kwamba fyuzi ilikuwa ikikata kwa ajili ya kutulinda, na kwamba zile nyuzi nene zisingekata hata waya za ukutani zikichemka. Miaka zaidi ya ishirini mama alilala hatua moja kutoka kwenye ule moto uliokuwa ukijipika polepole.

Sikuweza kumwambia palepale. Nilikwenda nje nikakaa kwenye ngazi.

Kulikuwa na lingine. Nyumba haikuwa kabisa na erthi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Friji lilikuwa likipiga shoti miaka yote, na mama alishazoea: anavaa ndala kwanza, anakunja pindo la kanga mkononi, ndipo anafungua mlango. Wajukuu alishawafundisha hivyohivyo. Fundi alipoelezwa alitikisa kichwa, akatafuta mahali pa kupigilia nondo ya shaba. Karibu na baraza nyundo iligonga mawe mara mbili. Tukahamia kwenye migomba nyuma ya bafu, ambako maji ya kuogea yanaishia na udongo haukauki, nondo ikazama yote. Akachukua balbu, waya mmoja kwenye laini, mwingine kwenye erthi, ikawaka kwa nguvu zote. Nilifurahi kama mtoto.

Boksi jipya likakaa barazani, juu, mvua haifiki. Kila kitu na breka yake: hita peke yake, jiko peke yake, soketi, taa. Na moja inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Fundi alimwita mama, akamwonyesha kitufe cha kuijaribia.

"Bonyeza, mama."

Akabonyeza. Tak! Nyumba nzima ikazima, mama akaruka nyuma, kisha akacheka kwa sauti. Akairudisha mwenyewe.

Jioni ile nilimweleza habari ya ule ubao. Alisikiliza, akauomba auone, akaugeuza mkononi upande huu na huu. "Baba yenu angejua," alisema, akaniambia nikautupe.

Halafu akainuka kwenda kutoa maziwa. Alifika mbele ya friji, akaangalia chini, akarudi mlangoni kuvaa ndala.