Dakika tano za kukaa kitini

Nilipokabidhiwa kliniki ya presha, malalamiko yalikuwa mawili: wagonjwa wanasota kwenye foleni, na dawa zinaisha kabla ya mwezi kwisha. Wenzangu walitaka tuombe bajeti kubwa zaidi. Mimi nilichukua saa na daftari, nikamfuata mama mmoja tangu mlangoni hadi dirisha la dawa. Alikaa kwetu zaidi ya saa nne, na muda aliokuwa na mhudumu haukufika robo saa. Uliobaki ulienda kwenye kulitafuta faili lake.

Lakini kilichonishtua kilikuwa kwenye meza ya vipimo. Aliitwa, akaja mbio asipoteze zamu, akafungwa mkanda juu ya mkono wa gauni huku anaulizwa maswali. 158 kwa 96. Akaandikiwa dawa ya pili.

"Mwanangu, mbona mimi sijambo?" akaniuliza.

Nikamkalisha dakika tano, ameegemea kiti, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, kimya. Nikampima mara mbili: 136 kwa 84, kisha 134 kwa 82. Ile dawa ya pili ikafutwa, nami nikajua akiba yetu ilikuwa inavujia wapi.

Tuliweka viti vitatu kando ya meza. Anayesubiri zamu anapumzika hapo. Tulichonunua ni mkanda mpana tu, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha isiyokuwepo.

Kisha nikagusa ratiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unapendekeza aliyeanza au kubadilishiwa dawa aonwe kila mwezi hadi presha ishuke, na aliyetulia aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Sisi tulikuwa tunawaita wote kila mwezi! Waliotulia nikawapa dawa za miezi mitatu, wote kwa mkupuo. Kosa langu. Stoo ilikauka wiki ya pili, na mfamasia akaninunia, kwa haki kabisa. Tukaanza upya, kundi moja kila mwezi.

Tuliwapangia pia saa za miadi, lakini mwanzoni hazikuheshimiwa. Watu waliendelea kuja alfajiri kwa hofu ya kukosa dawa, hadi walipozikuta dawa zipo mara mbili mfululizo.

Foleni imefupika, na dawa zinatosha hadi mwisho wa mwezi. Masjala ndiyo iliyonishinda: mafaili bado yanapotea.