Redio ya baba mkubwa

Kuna wanaosema TBC Taifa, redio ya umma, ifutwe. Niko Mafia, Kilindoni. Mtandao umekata tangu alfajiri, simu zetu zote kimya.

Asubuhi baba mkubwa kaanika betri juani, kazirudisha kwenye redio yake iliyofungwa mpira wa baiskeli, kaiweka TBC Taifa.

"Mwanangu, nyamaza kidogo nisikie."

Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo mkali, mawimbi ya kufikia mita 2, ukanda wa kusini. Mafia ikatajwa kwa jina.

Hakusema neno. Kainuka, kashuka pwani. Baada ya muda naona vijana wanavuta ngalawa juu, moja baada ya nyingine.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja upande wetu, ilikuwa hivihivi, sikio redioni.

Jamani, redio inayoishi kwa matangazo ya biashara itatufuata huku kumuuzia nani? Hii inalipiwa pia kwa kodi, ndiyo maana inatufikia. Wanaosema ifutwe waje wakae na wavuvi siku moja tu.

Nyinyi wa Liwale, Kigoma, Ukerewe, inashika vizuri huko? Mara ya mwisho imewasaidia kwa lipi?