Sasa unachoka nini?

Neno alilolisema wifi yangu Jumapili bado halijanitoka, nami nimeona heri niliandike hapa kuliko kuendelea kulizungusha kichwani usiku, wakati wenzangu wamelala. Alikuja kunijulia hali kama ilivyo desturi yake, akanikuta nimejilaza saa tano asubuhi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono na kusema kwa upole kabisa: "Wifi, si walishakuzibulia mshipa? Sasa unachoka nini?" Nikamjibu, "Ni kweli, wifi, naamka sasa hivi." Nikaamka, nikakaa naye sebuleni mpaka adhuhuri nikiitikia mazungumzo, huku miguu yangu ikiwa mizito kama nguo iliyolowa maji.

Angesema mtu mwingine, ningekuwa nimeshasahau. Lakini ni yeye aliyenivalisha viatu siku ile ya mshtuko wa moyo na kunifikisha hospitali kabla sijaelewa kinachonipata, na wanaonifahamu wanajua kwamba bila yeye nisingekuwa hai leo. Swali la mtu wa namna hiyo haliishii sikioni.

Tangu hapo nimemjibu mara nyingi, naye hayupo. Nikipiga mswaki namweleza kwamba stenti niliyowekewa, kile kijibomba cha wavu wa chuma ndani ya mshipa wa moyo, imeifungua njia ya damu, na kwa hilo namshukuru Mungu, lakini haikuifufua sehemu ya msuli wa moyo iliyokufa kwa kukosa oksijeni wakati njia ilipokuwa imeziba. Mahali pale mwili hujenga kovu, kazi inayochukua takriban wiki 6 hadi 8, na kovu likishakomaa huushikilia ukuta wa moyo usilegee, ila halina uwezo wa kujikunja na kusukuma damu, hivyo mzigo wote hubaki kwa msuli uliosalimika. Nikifunga vifungo vya gauni namweleza habari za bitabloka, dawa ninayomeza kila siku ili moyo usiende mbio na usifanye kazi kupita kiasi. Zamani nilipopanda ngazi, mapigo yaliongezeka yenyewe kukidhi haja ya mwili. Sasa yamewekewa kikomo kwa faida yangu, nami hulazimika kusimama katikati ya ngazi na kushika ukuta, nikisubiri pumzi inirudie.

Jambo gumu zaidi namweleza nikiwa nimelala. Wiki kadhaa kabla ya mshtuko wa moyo nilikuwa nimechoka. Kifua hakikuniuma hata kidogo. Nilikuwa na uchovu ambao usingizi haukuuondoa, na kila mtu nyumbani, nami nikiwemo, aliuhesabu kuwa ni wa kazi na watoto. Baadaye nilikuja kusoma juu ya utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, ambao uliwahoji wanawake 515 waliopata mshtuko wa moyo, na takriban 70 katika kila 100 walisema kwamba mwezi mmoja au zaidi kabla ya mshtuko walikuwa na uchovu wasiouzoea. Nilipoisoma habari hiyo nililia, kwa kuwa nilijiona ndani yake. Kwa hiyo wifi aliponiuliza ninachoka nini, alilitamka kwa sauti swali ninalojiuliza kila asubuhi kabla sijakanyaga sakafu: je, huu ni uchovu wa kupona, au ni ule wa kwanza umerudi?

Wiki hii hii binti yangu Salma amepokea barua ya kukubaliwa chuo kikuu, na mwajiri wangu ameandika kwamba nafasi yangu itanisubiri, habari ambazo nilizifurahia kwa dhati, kisha nikarudi kwenye maneno yale ya wifi.

Alhamisi nilikwenda kwenye mazoezi ya kliniki ya moyo, na safari hii nikamwuliza mtaalamu wa fiziotherapia swali lenyewe kama lilivyo. Hakuharakisha kunituliza. Alitaka kujua uchovu unakuja lini, baada ya kufanya nini, na unaondokaje. Uchovu wa kupona, alisema, kwa kawaida hufuata shughuli, au siku iliyotangulia yenye shughuli nyingi, hupungua mtu akipumzika, na ukiupima kwa wiki badala ya saa utaona unalegea kidogo kidogo. Unaopaswa kunitia hofu ni ule unaonivamia ghafla pamoja na kubanwa kifua, jasho la baridi, kukosa pumzi, au maumivu yanayopanda kwenye taya, mgongo au mkono, na huo hausubiri kesho: ni kuita msaada papo hapo. Vilevile nisinyamaze nikiona miguu inavimba, au uzito unapanda kilo 2 ndani ya siku chache, au nashindwa kulala bila kuinua mito. Akaniuliza pia, bila kuona haya, kama nimekuwa nikilia, kwa sababu takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hupata sonona baada ya mshtuko wa moyo, nayo huchosha mwili kama ugonjwa mwingine wowote.

Kisha akanipandisha kwenye mashine ya kutembea na kuniambia, "Haya, mama, nisimulie kuhusu huyo binti anayekwenda chuo." Nilianza kusimulia nikidhani ananiliwaza tu, mpaka aliponieleza kwamba anakipima kiasi cha juhudi yangu: ikiwa natembea na bado naweza kuongea sentensi nzima, moyo unafanya kazi katika kiwango kinachoufaa, na nikianza kukata maneno, nipunguze mwendo. Nikamsimulia Salma tangu darasa la kwanza. Nilimaliza sentensi moja, ndefu, nikamaliza na ya pili, na furaha niliyoipata hapo sijaipata tangu nitoke hospitali.

Niliporudi nikasoma kwamba kulikuwa na wakati ambapo wagonjwa kama mimi walilazwa kitandani kwa wiki nyingi bila ruhusa ya kujigeuza wenyewe, mpaka mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walipochapisha matokeo ya kuwaketisha wagonjwa wao kwenye viti mapema. Kulala tu hunyong'onyeza misuli, na misuli iliyonyong'onyea huudai moyo zaidi. Ninashukuru kuugua katika zama hizi. Basi nimeipanga siku upya: naoga nimeketi, sitembei mara tu baada ya kula, kufua na kupiga pasi havikutani siku moja, na napumzika kabla uchovu haujafika, hata siku ninayoamka na nguvu, kwa maana hiyo ndiyo siku inayohitaji tahadhari kubwa zaidi.

Wifi akija Jumapili atanikuta tena nimejilaza saa tano, na safari hii sitaamka. Nitamwambia aketi palepale, nimweleze yote haya kwa utaratibu, pamoja na habari ya zile wiki za kabla, kwani nadhani hata yeye aliponiona kitandani aliogopa kuliko alivyoonyesha.

Linalonitia wasiwasi usiku huu ni Baba Salma. Yeye ndiye anayenipangia dawa za asubuhi, na leo nimemwona akiisogeza pakiti mbali na uso, akiikaribisha, kisha akampa Salma amsomee, akisema taa ya jikoni haina nguvu. Taa ile ni mpya. Hajawahi kupima macho, na sijui nianzie wapi kumwambia, kwa sababu mwaka huu amekaa kwenye mabenchi ya kungojea madaktari mpaka amechoka.