Wazaramo Hawamo Katika Katalogi

Mimi ni mkutubi katika maktaba ya chuo kikuu, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita kwenye dawati la marejeleo, mahali ambapo wasomaji hufika wakiwa wamekwisha kukata tamaa. Kauli ninayoisikia kuliko zote ni "nimetafuta, hakuna kitu." Zamani nilikuwa nakimbilia kuwatafutia. Siku hizi huwaomba kwanza wanioneshe walichoandika katika kisanduku cha kutafutia, maana mara nyingi ugonjwa huwa umo humo.

Miezi michache iliyopita alinijia mwanafunzi wa shahada ya umahiri anayeandika tasnifu kuhusu methali na malezi. Katika katalogi yetu, yaani orodha ya vitabu vya maktaba iliyomo kwenye kompyuta, alikuwa ameandika mada yake nzima, kama ilivyopitishwa na msimamizi wake: "Nafasi ya Methali katika Malezi ya Watoto wa Jamii ya Wazaramo." Katalogi ikamjibu sifuri. Sikumshangaa. Google imewazoesha wasomaji wetu kuandika sentensi nzima, nayo hubahatisha maana na kuleta chochote kinachokaribiana nayo, ilhali katalogi nyingi za maktaba hulinganisha maneno tu, na hutaka kila neno ulilolitaja lipatikane ndani ya rekodi moja ya kitabu. Kadiri unavyoieleza zaidi, ndivyo inavyokunyima.

Tulifuta yote tukabakiza "Wazaramo". Zikatokea rekodi chache, nyingi zikiwa tasnifu za miaka ya karibuni. Nikamwomba aondoe silabi ya kwanza, aandike "Zaramo" pekee. Orodha ikarefuka hapo hapo, na ndani yake kilikuwamo kitabu cha Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyeishi Uzaramoni katika miaka ya 1960, kilichochapishwa mwaka 1970, ambacho jina lake lina neno hilo bila kiambishi chochote. Kilikuwa kimekaa rafuni juu ya vichwa vyetu, ghorofa ile ile anayojisomea kila jioni.

Hili ni jambo ambalo mafunzo yetu hulipita haraka mno. Kila mwaka tunawafundisha wanafunzi wapya kutumia alama ya nyota: andika mwanzo wa neno, weka nyota mwishoni, kompyuta ikuletee maumbo yake yote. Kwa Kiingereza mbinu hiyo ni nzuri, kwa kuwa maneno ya lugha hiyo kwa kawaida hubadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani. Mwalimu huwa walimu, chuo huwa vyuo, na Mzaramo, Wazaramo, Kizaramo na Uzaramo ni maneno manne yasiyofahamiana kabisa mbele ya mashine. Nyota ya mwishoni haisaidii, na mifumo mingi haikubali kuiweka mwanzoni. Inabaki kazi ya mkono: kuandika maumbo yote, moja baada ya jingine, na kuyaunganisha kwa neno OR, ili kompyuta ilete rekodi yenye lolote kati ya hayo.

Tena kuna vichwa vya mada, yaani maneno rasmi yanayowekwa katika rekodi kuonesha kitabu kinahusu nini, na hapa lawama ni yetu wakutubi. Maktaba nyingi za vyuo hutumia orodha iliyotungwa na Library of Congress ya Marekani, ambamo lugha yetu inaitwa "Swahili language". Msomaji anayeandika "Kiswahili" ataviona vile tu vyenye neno hilo mahali fulani katika rekodi. Anayeandika "methali" atakosa kila kitabu kilichoorodheshwa kwa "proverbs" peke yake. Rekodi hizo tunazinakili tayari kutoka nje, na kuongeza kichwa kimoja cha Kiswahili kungetugharimu dakika mbili, lakini hatuongezi.

Kuhusu makala za majarida nitasema kwa ufupi. Mwanafunzi huyo alikuwa ameacha makala mbili kwa sababu tovuti, alipoifungua kwa bando la simu yake, ilimdai zaidi ya dola 30 kwa kila moja. Alipozifungua kwa kompyuta ya maktaba zilifunguka bure, kwani mtandao wa chuo unatambuliwa na mchapishaji. Zipo pia njia nyingine, kama Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na sasa una fani nyingine pia, na hazina ya kidijitali ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, yenye tasnifu nyingi zilizoandikwa kwa Kiswahili na zinazosomeka bila malipo.

Kabla hajaondoka nilimwandikia tahajia za Kijerumani, "Usaramo" na "Wasaramo", kwa kuwa maandishi ya wamisionari na maofisa wa enzi ya ukoloni wa Kijerumani yanatumia s badala ya z, na katalogi haiwezi kujua kwamba ni watu wale wale. Nilimwambia pia asiishie kwenye kompyuta, asome orodha ya marejeleo mwishoni mwa kila kitabu anachokipata, kwani waliomtangulia wamekwisha kumtafutia nusu ya kazi.

Alirudi Jumatatu na daftari lenye maumbo saba ya jina hilo aliyoyatoa katika marejeleo. Mawili kati yake sikuwahi kuyaona.