Dau la 22.22

Jumapili asubuhi, Agosti 2013, nilifungua programu ya poka kwenye laptopu yangu nikakuta salio la dola 4. Nilikuwa nimeacha dola 1,180. Kwa kiwango cha siku zile hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi laki moja ya Kenya, na mimi nilikuwa kijana wa kuuza simu dukani mjini Mombasa. Laki yangu hiyo ilikusanywa senti kwa senti, kwenye meza ambazo mtu anaingia na dola 25 na kushukuru akitoka na 40.

Kwanza nilisingizia mtandao. Nikafunga, nikafungua. Nikazima modemu, nikaiwasha. Dola 4.

Inafaa nieleze kidogo, maana wengi wakisikia poka hudhani ni ile mashine ya kutumbukiza sarafu. Poka tuliyocheza ni ya karata. Unapewa karata mbili za siri, mezani zinafunuliwa tano za wote, na kila hatua mtu anaweka dau, au anafuata la mwenzake, au anatupa karata. Dunia nzima ilianza kuicheza mtandaoni baada ya 2003, pale mhasibu mmoja wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, na hilo ndilo jina lake halisi, alipopata tiketi ya mashindano ya dunia ya Las Vegas kupitia shindano dogo la mtandaoni, akashinda dola milioni 2.5. Kwetu Pwani wimbi lilifika nyaya za baharini zilipofika, SEACOM na TEAMS, mwaka 2009. Kabla ya hapo ungeanza raundi na mtandao ukatike kabla karata ya tatu haijafunuliwa.

Aliyenifundisha ni rafiki yangu wa mtaa wa Tudor, jengo moja nami, yeye chini mimi juu. Simtaji jina. Tulishirikiana mtandao mmoja, bili nusu kwa nusu, na waya wake tuliupitisha dirishani. Alikuwa mchezaji mzuri kuliko mimi, ila hakujaliwa subira: akipoteza mara mbili anapanda meza kubwa kutafuta pesa yake, na huko anamalizwa. Mimi nilikuwa mwoga, na katika poka mwoga mwenye hesabu huishi.

Alikuwa na tabia moja iliyonichekesha. Programu inakuruhusu kuandika kiasi cha dau kwa kibodi badala ya kuburuta kwa kipanya, naye hakuweka dau la namba kamili hata siku moja. Wengine tukiweka 2, yeye 2.22. Tukiweka 3, yeye 3.33. Alisema kidole kikishazoea kitufe kimoja hupotezi muda, na mpinzani anabaki kujiuliza hizo senti ni za nini. Nilimwambia anajitia alama. Akanijibu, “Sheikh, wao hawanioni, waniona wewe tu.”

Basi. Jumapili hiyo nilifanya ambalo kila mchezaji wa zamani angefanya: nikaomba kumbukumbu ya raundi. Kila karata unayopewa na kila dau unaloweka huandikwa, na ukiomba unatumiwa faili kwa barua pepe. Wachezaji tunaziamini faili hizi kuliko tunavyoziamini kampuni zenyewe, na tuna sababu. Mwaka 2007 tovuti ya Absolute Poker ilikuwa na akaunti iliyokuwa ikiona karata za siri za watu wote mezani, na waliofichua wizi ule ni wachezaji wa kawaida walioketi na faili za raundi wakauliza: huyu anawezaje kufuata hapa na kutupa pale, kila mara sawasawa?

Faili yangu ilifika kabla ya adhuhuri. Saa zake zilikuwa za Marekani mashariki, hivyo nikaongeza saba. Jumamosi, saa mbili na dakika arobaini usiku. Saa hiyo mimi nilikuwa Kibokoni kwenye harusi ya binamu yangu, nimevaa kanzu, nagawa sahani za biriani. Ilikuwa wiki chache tu baada ya Idi na kila Jumamosi ilikuwa na harusi. Rafiki yangu alialikwa pia. Alinipigia jioni akasema ana homa.

Nikasoma. Akaunti yangu iliingia meza ya watu wawili na dola 400, meza ambayo mimi sijawahi hata kuichungulia. Wizi wa poka haufanywi kwa kutoa pesa moja kwa moja, kwa sababu ukijaribu kuzitoa zinapitia jina la mwenye akaunti. Mwizi anachofanya ni kupoteza. Anaketi mezani na mwenzake, au na akaunti nyingine yake mwenyewe, halafu anacheza vibaya makusudi hadi chipu zote, yaani pesa za mezani, zihamie upande wa pili. Na mjanja hangoji karata zifunuliwe mwishoni. Anatupa zake kabla, ili kwenye faili zibaki za mwenye kuibiwa tu, za mpokeaji zisionekane kamwe.

Raundi ya kwanza nilipewa nane ya uru na tatu ya pao, takataka ambazo mtu mzima huzitupa bila kuzitazama mara mbili. Akaunti yangu ikapandisha dau: 22.22. Mpinzani akafuata. Mezani pakafunuliwa mabasha mawili na tisa. Akaunti yangu ikaweka 88.88. Mpinzani akasukuma zote. Akaunti yangu ikatupa karata.

Dola 111 na senti 10 zimekwenda kwa raundi moja, lakini sikuwa nazihesabu. Nilikuwa natazama zile mbili na zile nane zimepangana kwenye skrini. Raundi iliyofuata, 33.33. Chipu zilipokwisha akaingia tena na 400 nyingine, kisha na 376, akaacha zile 4. Mpaka leo sijui aliziacha za nini. Labda kwa huruma.

Mama aliniita nile. Nikasema nina kazi. Nyumbani hawakujua habari za poka. Baba alijua “nafanya biashara ya mtandao”, naye alikuwa amenunuliwa friji kwa biashara hiyo. Kumwambia nimeibiwa kungenilazimu kwanza nimweleze nimeibiwa nini, na pesa ya kamari nyumbani kwetu haikuwa na utetezi, iliyopatikana wala iliyopotea.

Niliwaandikia kitengo cha usalama cha tovuti. Niliwapa saa, meza, jina la mpinzani, na kwamba nilikuwa harusini mbele ya watu mia tatu. Nilichokiacha ni kwamba rafiki yangu alikuwa akijua nywila yangu. Sheria zao zakataza mtu mwingine kuketi kwenye akaunti yako, na sikumjua mchezaji hata mmoja wa kwetu aliyeifuata. Mashindano makubwa ya Jumapili yalianza usiku wetu na kwenda usiku kucha. Ukisinzia, dau la lazima linakula chipu zako kila duru. Mtu alimwamsha mwenzake amshikie. Ningeliandika hilo, wangenifungia akaunti na hata zile 4 nisingeziona.

Jibu lao lilikuwa la adabu na lilinimaliza nguvu. Walisema akaunti ilifunguliwa kutoka anwani ile ile ya mtandao ninayoitumia siku zote, ila kwa kompyuta nyingine. Anwani ile ile. Jengo letu, modemu yetu, ule waya wa dirishani. Walisema akaunti iliyopokea imezuiwa na uchunguzi unaendelea, na kwamba ni ya nani hawawezi kuniambia.

Nina jamaa yangu askari. Nilimwendea, si rasmi, tukaongea nje ya kituo chini ya mkungu. Akanisikiliza vizuri, kisha akauliza, “Sasa kwenye kitabu cha matukio, OB, niandike nini? Kwamba kijana alikuwa akicheza kamari kwenye kampuni ya ng'ambo isiyo na leseni hapa, mwenzake akacheza vibaya?” Alicheka, nami nikacheka, maana kwa kweli alivyoipanga ilichekesha. Sheria ya makosa ya mtandao tuliyonayo leo ilikuja 2018. Hata ingekuwepo, nisingempeleka mtu mahakamani kwa kuandika mbili nne.

Kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu. Nilikuwa na uhakika na sikuwa na ushahidi. Anwani moja ilitumiwa na nyumba mbili na kila mgeni aliyepewa nywila ya Wi-Fi. Madau ya tarakimu zinazojirudia angeweza kuyaweka yeyote aliyewahi kuketi naye, hata kwa kumsingizia. Nililala na mawazo hayo, naamka upande mmoja wa kesi, nalala upande wa pili.

Alikuja juu siku ya tatu, homa imekwisha. Nilimwambia nimeibiwa. Alishika kichwa, akakaa kitini, akasema “La haula” kwa sauti iliyonifanya nitake kumwamini.

“Umewaandikia?”

“Nimewaandikia. Wamenitumia na faili ya raundi zote.”

Hapo akanyamaza. Sikumwambia faili ina nini. Nilisema tu ipo, ninayo, nimeisoma. Akaniuliza kama inaonyesha mwizi ni nani, nikamjibu inaonyesha karata na madau, hakuna zaidi. Akasema, “Basi haitakusaidia sana,” akaomba maji ya kunywa.

Jumatano zetu tulikuwa na desturi ya kucheza wanne watano kwenye meza ya faragha ya mtandaoni, kwa chipu za bure, ili kufanya mazoezi na kutukanana. Wiki hiyo nilihakikisha haivunjiki. Niliketi chumbani kwangu, yeye chini kwake, wenzetu Kisauni na Nyali. Nikasubiri aweke dau. La kwanza, 200. Nikasema labda ni bahati. La pili, 90. La tatu, 450. Jamaa wa Nyali, ambaye hakujua lolote, akamwandikia pale kwenye gumzo la meza: vipi leo, kitufe cha mbili kimevunjika? Hakumjibu.

Usiku ule wote hakurudia tarakimu hata mara moja, na miaka yote niliyomwona akicheza baada ya hapo, hakurudia tena. Mimi sikumtajia namba. Hakuna aliyemtajia. Mtu asiyejua faili ile ina madau gani angeacha kwa nini tabia ya miaka?

Huu nao si ushahidi, najua. Mwanasheria yeyote angeupeperusha. Lakini poka ndivyo inavyochezwa: karata ya mtu hauioni, unaona anachofanya na pesa, na unaamua.

Tovuti iliniandikia tena Septemba. Katika akaunti iliyozuiwa walikuta dola 640 hazijatolewa, wakanirudishia hizo, na wakanipendekezea niweke namba ya siri ya pili na kifaa cha kutoa tarakimu za kuingilia. Nikaweka vyote. Kisha nikazitoa pesa zote kwenda Moneybookers, pochi ya pesa ya mtandaoni, ambayo mwaka ule ilikuwa inabadili jina kuwa Skrill, na jamaa mmoja wa mjini anayenunua salio akanipa shilingi kwa M-Pesa, amekata asilimia yake bila haya. Modemu niliinunua yangu. Waya wa dirishani nikaukata kwa kisu cha jikoni, yeye akiwa kazini.

Hatukugombana. Tuliendelea kusalimiana ngazini, kuulizana hali za wazee, kupelekeana futari Ramadhani. Mama hadi leo humwita mwanangu. Aliacha kuja juu kuangalia mpira, nami sikumuuliza sababu.

Alipooa, miaka kadhaa baadaye, niliongezwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, na orodha ya michango ikawa inabandikwa kila jioni. Watu walitoa elfu, elfu mbili, wenye nacho elfu tano. Mimi nilituma shilingi 2,222. Mweka hazina alinipigia kuuliza kama nimekosea kubofya. Nikamwambia aandike hivyo hivyo.